Mchezo wa Jumapili na Arusi ya Salha

Jumapili moja alasiri, nguo nimeshazianua na chai i mbele yangu, nilikaa kwenye kochi langu hapa Mtopanga nikajitazama nikiua mtu. Nalisema taratibu ili unielewe, maana najua linasikika kama neno la mtu aliyepigwa na jua. Kulikuwa na mchezo wa televisheni ambao mtaa mzima ulikuwa ukiutazama, mchezo wa nyumba ya uzazi ya Kisauni katika miaka ya themanini, na Mwanahamisi, mwanangu wa kulea, alikuwa akija kila wiki kutoka Mjambere na mfuko wa viazi vya karai ili tuutazame pamoja. Yeye kazi yake kulia, mimi kazi yangu kusahihisha. Niliwahi kufanya kazi katika nyumba kama ile nikiwa kijana, kwa hiyo nilijiona nina haki. Na si kwamba nilikuwa mkali. Mambo mengi walikuwa wameyapata. Vitanda vya chuma vilivyobanduka rangi miguuni, ndivyo. Mabakuli meupe yenye ukingo wa buluu, ndivyo. Kile kipembe cha mbao ambacho nesi hukiweka tumboni mwa mama akainamisha sikio kusikiliza moyo wa mtoto, walikipata, sijui wapi. Lakini wajawazito wao walikuwa wakijifungua wanja haujatiririka, na mtoto alikuwa akitoka kabla tangazo la sabuni halijaisha. “Na kucha zile,” nilikuwa nikisema, “nesi mwenye kucha zile angemtoboa mtoto.” Mwanahamisi hunipiga begani: “Mama, waache watu waigize!” Tukacheka. Ni mtu mzima sasa, ana watoto wake wanaosoma sekondari, lakini mbele ya televisheni huwa mtoto.

Jumapili hiyo akatokea mtu mpya mchezoni, mhudumu wa wodi aitwaye Bi Tatu. Alikuwa amefunga leso kiunoni fundo likakaa ubavuni kushoto, anapiga deki, na kila anapompita mama mwenye uchungu humwambia, “Tulia mwanangu, hakuna aliyewahi kubaki ndani.” Nikaiweka chai chini. Maneno yale ni yangu. Niliyatunga mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa kuwa niligundua kwamba mama mwenye uchungu akicheka hata kidogo, mabega hushuka na pumzi hurudi. Kisha Bi Tatu akaangalia huku na huku, akatoa kichupa chini ya leso, akamnywesha msichana aliyekaa kwenye benchi. Kamera ikasogea usoni mwa msichana. Midomo yake ilikuwa na rangi ya chungwa. Akafa mikononi mwa mkuu wa wodi, Sista Zulfa, mwanamke mzuri mwenye kofia nyeupe, ambaye alilia machozi ya kweli. Mtoto naye akafa. Mwanahamisi alirusha kiazi chake kwenye sahani. “Alaaniwe!” akasema. “Alaaniwe mwanamke huyu mpaka kaburini. Mama, watu kama hawa walikuwako kweli?” Nikamwambia walikuwako watu wa kila namna, nikaenda jikoni nikafungua mfereji nisikie kelele ya maji. Msichana yule wa kwenye benchi, msomaji wangu, ni mama yake Mwanahamisi.

Nilimpigia simu Wanza, Mkamba niliyekaa naye chumba kimoja mwaka ule. Siku hizi yuko Changamwe na wajukuu. Hakungoja hata salamu. “Umeona? Hiyo ni wewe,” akasema. “Hata vile unatembea wameiga, kama bata.” Nikamuuliza nani aliyewapa hadithi. “Salha. Binti ya Sista wetu, yule mkuu wa wodi. Mamake alikufa juzi juzi, yeye ndiye anawaambia watu wa televisheni kila kitu, jina lake linapita pale mwisho haraka haraka. Mwanaidi, sikia. Yule mtoto anajua?” Nikamwambia hajui. “Basi mwambie, kwa sababu mimi nimejua kwa dakika moja, na kuna wazee wengi huko Kisauni wako na macho.” Wanza alikuwa amesema kweli. Mwanahamisi alijua tu kwamba mamake alifariki kwa uzazi. Kwetu marehemu huombewa, hasimuliwi. Sasa mtu yeyote barazani angeweza kumwambia: yule uliyemlaani ndiye aliyekulea. Na nikimwambia mimi kwanza, ni neno langu dhidi ya televisheni, nami ndiye mshitakiwa. Ilinibidi nimpate mtu ambaye neno lake lingezidi langu. Kabla sijakueleza nilivyompata, nikueleze mwaka wenyewe.

Tulikaa watatu katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Kiswahili, ile yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, uani jiko na kisima. Mimi nilipiga deki na kuchemsha vyuma; Wanza alipika uji wa wazazi waliolazwa; Rukia hakufanya kazi pale, alikuwa ameolewa na kibarua wa Kipevu ambaye meli zilimweka bandarini kutwa kucha, akaona heri akae nasi kuliko kukaa peke yake na ukuta. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba na mkeka mmoja, na dirisha lililotazama ukuta wa nyumba ya uzazi. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi za nazi kutoka kwa jirani, na Rukia alikuwa na desturi ya kula mbaazi zote kwanza akabakiwa na hamri kavu, kisha anainyoshea sahani yangu: “Shoga, nichovye kidogo tu.” Kidogo chake kilikuwa nusu. Wanza hakuwahi kuelewa kwa nini tunaweka nazi katika kila kitu. “Nyinyi hata maji mtatia nazi,” alikuwa akisema, na Rukia humjibu, “Ukiolewa huku, wifi yangu, utatiwa wewe.” Jioni Rukia alikuwa akilala chali mkekani, tumbo juu kama chungu kilichofunikwa, akiwaita majina watoto ambao bado hajawazaa. Nikitaka kumkumbuka, namkumbuka hivyo, wala si kwenye benchi.

Mwenye nyumba ya uzazi tulimwita Sista, ingawa jina lake lilikuwa Bi Zuhura na alizaliwa mtaa uleule, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Alikuwa amesomea kazi yake mbali, akarudi, akafungua wodi iliyopakana ukuta na nyumba yake. Sitomnyima haki yake: mikono yake ilikuwa mizuri na sakafu yake ungeweza kulia chakula. Lakini alikuwa na vita na wakunga wa mtaani, na hasa na Bi Mize, bibi mwembamba ambaye nusu ya wanawake wa mtaa, pamoja na Sista mwenyewe, walitokea mikononi mwake. Sista alikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: mama akija amefuatana na mkunga, au akinuka mafuta ya kukandwa, huketishwa kwenye benchi la nje ya wodi mpaka aone haya. Ilikuwa adabu, alisema. Wengi walikaa muda mfupi, wakaomba radhi, wakaingizwa. Mimi niliwapita na ndoo yangu nikawaambia hakuna aliyewahi kubaki ndani, nao wakacheka, na benchi likawa kitu cha kawaida. Ndivyo ubaya unavyofanya kazi, mwenzangu, haubishi hodi. Hupewa kiti kwanza.

Rukia alishikwa na uchungu asubuhi. Bi Mize alikuja chumbani, akamshika tumbo, akaligusa tena upande wa pili. “Njoo, mwanangu, tukupeleke kwa Sista,” akasema. “Huyu mtoto amekaa vibaya na mimi sichezi na roho ya mtu.” Kabla ya kutoka alimpa kombe. Kwa asiyejua, kombe ni sahani nyeupe ambayo mwalimu wa madrasa huiandika aya za Qurani kwa zafarani na marashi. Maandishi huoshwa kwa maji, na mgonjwa hunywa maji yale kwa kuomba heri. Hakuna jani, hakuna mzizi. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na sahani yake, na nyumba ya Sista ilikuwa nayo ya kauri nzuri ukutani. Rukia alikunywa, midomo ikashika rangi ya zafarani, akajitazama kwenye kioo akasema, “Nimependeza, siku ya kuzaa napakwa na rangi.” Tukaenda. Sista alitoka mlangoni. Siku hiyo kulikuwa na daktari wa kuzuru ndani, mtu wa bara ambaye Sista alipenda kumwonyesha kwamba yeye si kama sisi. Akamtazama Bi Mize, akaitazama midomo ya Rukia. “Umeshanyweshwa madawa yenu,” akasema kwa sauti ya kusikika ndani. “Kaa hapo.”

Bi Mize akasema, “Zuhura, mwanangu, ni kombe. Wewe mwenyewe walijua.” Alimwita mwanangu, mbele ya daktari, na nadhani neno lile ndilo lililofunga mlango. Rukia akakaa kwenye benchi tangu adhuhuri. Nilimpita mara ya kwanza akaniambia, “Shoga, leo usinichekeshe.” Nilimpita mara ya pili nikaona leso yake imelowa chini, na si maji. Nikaenda kwa Sista nikamwambia anavuja damu. “Maliza wodi ya pili,” akasema. Nikaenda tena nikamshika mkono wa kanzu yake, kitu ambacho hakuna aliyekuwa akithubutu, akaniondoa vidole kimoja kimoja kwa upole, upole ambao sijausahau, akasema, “Mwanaidi, akili za benchi ziachie benchi.” Adhana ya Alasiri ilipokuwa ikitoka, Rukia aliteremka kutoka kwenye benchi kama nguo inayoanguka kwenye kamba. Hapo wakakimbia wote, Sista mbele, na mikono yake mizuri ikafanya kila kitu, na haikusaidia. Mtoto alitolewa mdogo, kimya, kisha akapiga chafya. Sista alimtazama akasema, “Huyu naye hatofika alfajiri,” akageuka kunawa. Bi Mize alimfunga katika leso kavu, akampakata kifuani, akavuka naye kivuko kwenda Likoni kwa bibi wa mtoto, ambako baadaye nilimchukua nikamlea. Katika nyumba ya Sista hakuna aliyewahi kuuliza kama aliifikia alfajiri ile.

Chumba cha kuchemshia vyuma kilikuwa na tundu za hewa juu ya ukuta, na upande wa pili ndipo Sista alipokaa na daktari kunywa chai. Nilikuwa nimesimama pale, mikono ndani ya maji moto, sikuhisi moto. Daktari aliuliza kwa nini hakuitwa mapema. “Alikuja ameshaharibiwa,” Sista akajibu. “Mkunga amemnywesha. Hukuona midomo? Rangi ya chungwa.” Daktari akauliza ni dawa gani ile. “Sijui, za kwao huko,” akasema mwanamke aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Nikasikia kijiko kikikoroga sukari. Baada ya hapo neno lilitoka wodini likaingia sokoni likaingia mabarazani: Bi Mize amemuua Rukia kwa dawa. Bibi yule hakujitetea. Wengine wakaacha kumwita; yeye akaacha kutoka. Nilimpelekea chakula akakila kwa heshima yangu, kijiko kimoja, akafunika. “Sikumpa kitu, mwanangu,” aliniambia. Nikamwambia, “Najua, bibi.” Na kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu, nami nakwambia bila ya kukunja maneno: nilitaka kumwona Bi Zuhura amekaa mahali, mlango umefunguliwa, anangoja watu, na watu hawaji.

Wanza alinishauri niondoke kazini. Nikamkatalia. Mtu anayetaka kulipiza, asikimbie mapema. Apige deki vizuri na aitike “abee” kwa adabu. Miezi ikapita, na Sista akatangaza arusi ya binti yake Salha, tuliyekuwa rika moja. Hapa inafaa nikueleze arusi zetu zilivyokuwa, kwa kuwa vijana wa siku hizi hukodi watu wa kupika na viti vya kukunja. Zamani hizo arusi haikuwa ya mwenye nyumba. Ilikuwa ya mtaa. Wanawake walikuja siku kadhaa kabla, wakakaa uani kuchagua mchele, kumenya vitunguu, kutwanga viungo, kuimba na kusengenyana. Walikuja pia kupiga vigelegele, kwa kuwa bibi arusi akitoka bila kigelegele ni kama maiti aliyetolewa bila dua. Na wanawake hawakualikwa kwa kadi. Alitumwa mtu apite nyumba kwa nyumba, abishe hodi, atoe salamu za mwenye shughuli, ataje siku. Sista alinitazama nikipiga deki, akaona nina miguu myepesi na mtaa wote wanijua. “Mwanaidi,” akasema, “wewe ndiye utakayenialikia.” Nikaitika, “Abee, Sista.” Moyo wangu ulitulia kama maji ya mtungini.

Nilialika vizuri. Sikuruka nyumba hata moja, na sikubadilisha neno. “Hodi, shikamoo bibi. Bi Zuhura awasalimu sana, amuoza Salha siku fulani, awaomba mje mumshike mkono.” Wakaitika, wakauliza habari za mahari, wakaniletea maji ya kunywa. Nilipokuwa nimeshasimama mlangoni, na kiatu kimoja mguuni, niliongeza langu: “Mimi nimetumwa tu. Mimi mwenyewe sitokwenda.” Basi. Aliyeniuliza kwa nini nilimwambia nilichokiona kwenye benchi na nilichokisikia ukutani, wala sikutia chumvi, kwa sababu mwenye kutia chumvi hushikwa. Mama mmoja aliyezalishwa na Bi Mize, na watoto wake wote wakazalishwa naye, alinisikiliza akimaliza kusuka ukili wake, akasema, “Kombe? Alisema kombe ni sumu? Na yeye akiumwa na jino hunywa nini?” Kufikia jioni sikuhitaji kusema tena, maneno yalinitangulia milangoni. Bi Mize peke yake ndiye aliyenikemea. “Binti hana kosa,” akasema. Nikamwambia, “Na Rukia alikuwa na kosa gani?” Wanza naye alikuwa na swali lake. “Hata mimi nisiende? Na ile nyama yote?” Nikamwambia nitampikia. Akanuna siku mbili, lakini hakwenda.

Siku ya kuchagua mchele nilikuwa nikianika mashuka kwenye paa la sakafu la nyumba ya uzazi, na kutoka pale uwanja wa Sista wote ulikuwa chini yangu kama sinia. Mikeka ilikuwa imetandikwa mpaka ukutani. Nyungo zilipangwa, birika za kahawa zilifuka mvuke, mahamri yalikuwa kwenye vyano chini ya kawa. Sista alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, amevaa leso mpya, akikaa namna mwenye shughuli anavyokaa, tayari kuinuka. Alingoja. Akanyoosha mkeka ambao haukukunjika. Mvuke wa kahawa ukaisha. Alimwambia mtumishi, “Watakuja baada ya Adhuhuri, wana watoto wa skuli.” Baada ya Adhuhuri alifungua mlango wa nje mabawa yote mawili. Ng'ambo ya njia, kila baraza ilikuwa na wanawake, wamevaa vizuri, wanachagua mchele wao wenyewe, wa chakula chao cha usiku. Hakuna aliyetukana. Sista alipowasalimu waliitika wote pamoja, kwa heshima kamili, na wakainamisha tena nyuso kwenye nyungo zao. Hatimaye alivuta ungo mmoja, akaanza kuchagua gunia zima peke yake. Nilishusha mashuka yaliyokuwa bado mabichi nikayaanika upya ili nizidi kukaa pale. Nimekula vitu vitamu maishani. Hakuna kilichoshinda kile.

Siku ya arusi pilau ilipikwa na wanaume wa kukodi, ikashika chini, harufu ya kuungua ikajaa mtaa. Upande wa bwana arusi ulikuja kwa msafara, wanawake wao wakapiga vigelegele kuanzia kona, kwa kuwa ndivyo ilivyo: wanaokuja hupiga na walio ndani hujibu, mpaka sauti zikutane mlangoni. Walipiga. Hakuna aliyejibu. Wakapiga tena, safari hii kama mtu anayeuliza. Nikamsikia mama wa bwana arusi akisema, si kwa ukali, “Kwani huyu bibi arusi hana watu?” Salha alitolewa na shangazi yake mmoja na mamake, amepambwa, mikono ina hina mpaka kiwiko, akapita katika kimya ambacho ungesikia bangili zake. Kabla ya kuingia garini aliinua uso, akaniona juu ya nyumba ya uzazi, na akajua. Wiki ile Sista aliniita. “Ulialika?” Nikasema, “Nyumba kwa nyumba, Sista.” “Ulisema nini?” “Ulivyonituma.” Alinifukuza kazi, na mwaka haukuisha kabla hajafunga wodi, kwa kuwa wazazi hawakuja tena kama wanawake wa mtaa walivyokosa kuja arusini. Akavuka kwenda kukaa kisiwani. Utaniuliza, ukisikia kisa hiki, kama najuta. Mimi ni mtu wa kuwatia watu moyo, hupenda kuona kila mtu ameondoka kwangu na nafuu. Lakini hapa sina nafuu ya kumpa mtu. Sijuti.

Basi, baada ya Jumapili ile ya Bi Tatu, nilimtuma Wanza amwambie Salha kwamba Mwanaidi amwalika kahawa. Nilidhani hatokuja. Alikuja, mwanamke mnene mwenye buibui zuri na miwani, akaketi kwenye kochi lilelile, akaitazama televisheni yangu iliyozimwa. Mwanahamisi nilikuwa nimemwomba aje anisaidie jikoni, na nilikuwa nimeuacha mlango wa jiko wazi. “Umeutazama mchezo wangu,” Salha akasema. Nikamwambia nimeutazama. “Umejiona?” “Nimejiona. Nimenenepeshwa.” Hakucheka. “Nilitaka ujione,” akasema. “Nilitaka wakuchukie watu usiowajua, bila ya kukuuliza, kama nilivyochukiwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Mwanaidi. Siku ya kuchagua mchele Mama alifungua mlango, akangoja, hakuja mtu. Niliolewa bila kigelegele hata kimoja. Mama mkwe wangu alinisimanga nacho mpaka siku ya kufa kwake: wewe uliyetolewa kama mzigo. Nilikukosea nini?” Nikamwambia hakunikosea kitu. “Basi kwa nini?” “Kwa kuwa wewe ndiwe uliyekuwa karibu na mamako.” Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Nikamuuliza, “Mbona arusi hukuiweka mchezoni?” Akasema, “Nani angeiamini?”

Nikammiminia kahawa. “Mwambie mtu mzima mwenzako,” nikasema, “mamako alikwambia Rukia alinyweshwa nini?” Akasema ni dawa ya Bi Mize, niliyomletea mimi kwa siri. “Ilikuwa dawa ya namna gani?” Hajui, mama alisema tu kwamba midomo ilikuwa na rangi ya chungwa, na ndivyo alivyowaelekeza watu wa kupaka rangi, kwa kuwa alitaka ifanane na kweli. “Rangi ya chungwa,” nikasema. “Salha, wewe ulipokuwa na homa ukiwa mdogo, ile sahani ya kauri ilipoteremshwa ukutani, ulikunywa nini?” Nilimwona akirudi nyuma, nyumba ya tatu kutoka msikitini, mamake anamshikia sahani. Akaweka mkono kwenye midomo yake mwenyewe. “Zafarani,” akasema polepole. “Mama aliijua zafarani.” Nikamwambia, “Mamako aliandikiwa kombe wakati wa kukuzaa wewe. Na Bi Mize ndiye aliyemshikia. Rukia alikufa kwa kukalishwa benchini akivuja damu, kwa ajili ya zafarani.”

Hapo Mwanahamisi akatoka jikoni na sinia la kaimati, akaliweka mezani taratibu, na hakuondoka. Salha, macho yamejaa, alimuona akajipangusa haraka kwa adabu ya mgeni. “Huyu ni binti yako?” akauliza. “Mashallah.” Nikasema, “Nimemlea. Ni yule mtoto wa Rukia. Mchezoni mwako amekufa.” Sijui kama umewahi kumwona mtu akimtazama maiti aliye hai. Salha alisimama, akaketi, akasema kwamba mama alisema hakufika alfajiri. “Hakuna aliyekuja kuuliza,” nikasema. Akamgeukia Mwanahamisi. “Mwanangu, nisamehe. Wallahi sikujua. Nisamehe.” Mwanahamisi alilisogeza sinia likae sawa, na sauti yake ilikuwa ya kumfundishia mtoto hesabu. “Mama yangu mmoja umemuua kwa sumu, na mwingine umemfanya muuaji, na kila mtu Mombasa ameona,” akasema. “Samahani huniombi mimi sebuleni. Kaiombe kulekule.” Salha akasema sehemu zote zimesharekodiwa, hazina njia ya kubadilishwa. “Basi kunywa kahawa yako, shangazi,” Mwanahamisi akamjibu, “inapoa.”

Hakuinywa. Alipokwenda, tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi, kisha lango. Mwanahamisi alikaa pale alipokuwa amekaa Salha, kiganja juu ya kochi, kama anayelipima joto lake. Niliona anajikaza na nikajiandaa kwa lolote. Nilifikiri ataniuliza habari za benchi, za damu, za saa ngapi, na nilikuwa tayari kumweleza yote, hata yale yaliyonishinda mimi mwenyewe. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza nje. Kisha akasema, “Ile siku ya kuchagua mchele. Hakwenda hata mwanamke mmoja?”

“Hata mmoja.”

“Na mlango aliufungua wote?”

“Mabawa yote mawili.”

Akavua viatu, akapandisha miguu juu ya kochi, akaegemeza kichwa chake begani mwangu. “Nieleze wewe mwenyewe, Mama,” akasema. “Anzia asubuhi. Na usiende haraka.”